Firuzabad ya Uajemi: mji mmoja, majina matatu na duara la kilomita mbili

Anayetaka kusoma habari za Firuzabad hukwama mapema, kabla hata hajafika kwenye magofu. Akifungua ramani ya leo anauona mji wa Firuzabad, kusini mwa Shiraz, mwendo wa kilomita 115 hivi kwa barabara. Akifungua orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO anakutana na Ardashir Khurreh. Akishika vitabu vya wanajiografia wa Kiarabu wa karne ya 10 anaelezwa sifa za Jur, mji wa mawaridi, na wachimbaji wa mambo ya kale nao hulitamka jina hilo hilo Gur. Kumbe yote hayo ni pale pale: uwanda mmoja uliozungukwa na milima ya Zagros, mita 1,300 na ushei juu ya usawa wa bahari. Na kana kwamba hayo hayatoshi, India nako kuna Firozabad, mji mashuhuri kwa bangili za vioo, ambao hauhusiani na huu kwa lolote zaidi ya jina.

Tuanze na mipaka ya kiserikali, maana msomaji wa Tanzania hapo hatapata taabu. Iran ina ostan, ambao ni mkoa. Chini yake shahrestan, ambayo ni kama wilaya. Kisha bakhsh, yaani tarafa. Halafu dehestan, kundi la vijiji linalofanana na kata. Firuzabad ni wilaya katika mkoa wa Fars, na ni jina la mji ulio makao makuu ya wilaya hiyo. Mji wenyewe si mkubwa. Sensa ya mwaka 2016 iliwahesabu wakazi wapatao elfu 65. Unapotoka nje ya mji unaingia mashambani moja kwa moja: ngano, bustani za matunda, na milima pande zote.

Mipaka ya zamani ndiyo yenye utata. Wakati wa wafalme wa Kisasani, na karne kadhaa baada ya Uislamu kuingia, nchi ya Fars iligawanywa sehemu tano: Istakhr, Darabgerd, Shapur, Arrajan na Ardashir-Khurra. Hii ya mwisho, ambayo jina lake lina maana ya fahari ya Ardashir, mfalme aliyeujenga mji huu, ilikuwa na makao yake hapa Gur, lakini eneo lake lilishuka mpaka Ghuba ya Uajemi. Kwa hiyo kitabu cha kale kinapotaja Ardashir-Khurra, swali la kwanza la kujiuliza ni hili: mwandishi anasema mji au anasema jimbo? Shiraz yenyewe, ambayo leo ndiyo mji mkuu wa Fars, ilihesabiwa ndani ya jimbo hilo. Na bandari ya Siraf pia. Hapo ndipo habari hizi za bara zinapogusa pwani yetu, na tutafika huko.

Kwanza maji, kwa sababu bila kuyaelewa maji huwezi kuelewa kwa nini majengo yamekaa yalipokaa. Mto unashuka kutoka kaskazini na kuupasua mlima kwa korongo jembamba liitwalo Tangab, kisha unamwagika kwenye uwanda. Njia ya kutoka Shiraz ilibidi ipite humo humo, bega kwa bega na mto. Hakuna jeshi wala msafara wa ngamia uliotoka upande huo ukaweza kulikwepa korongo kirahisi. Anayelishika korongo ameshika mlango wa nchi nzima iliyo nyuma yake.

Aliyelitambua hilo vizuri ni Ardashir, mtoto wa Papak, kutoka ukoo wenye nguvu wa Istakhr. Mwanzoni mwa karne ya 3 Uajemi ilikuwa chini ya Waparthi, na mfalme wao mkuu alikuwa Ardavan. Ardashir alianza kama mtawala mdogo wa Darabgerd, akawa anawameza watawala wenzake mmoja baada ya mwingine bila idhini ya mtu. Kisha akaja kwenye uwanda huu na kuanza kujenga mji. Mwanahistoria al-Tabari anasimulia kwamba Ardavan alimwandikia barua ya matusi: yeye ni nani, mtu aliyelelewa mahemani, hata avae taji na kujenga mji bila ruhusa? Ardashir akajibu kwamba taji amepewa na Mungu, na anatumaini kukipeleka kichwa cha Ardavan kwenye hekalu la moto alilolianzisha hapo. Mwaka 224, tarehe 28 Aprili, walikutana uwanjani Hormozdgan. Ardavan aliuawa, na nasaba ya Wasasani ikatawala miaka zaidi ya mia nne.

Barua hiyo, hata kama maneno yake yamepambwa na wasimulizi, inatupa kitu muhimu: mji ulianza kujengwa kabla ya ushindi. Ndiyo maana mimi huona ni kosa kuyatazama magofu ya Firuzabad kama mkusanyiko wa majengo ya mfalme mmoja tajiri. Yana mpangilio wa wakati. Ukiyapanga vizuri unamwona mtu akibadilika, kutoka mwasi anayetazama nyuma ya bega lake hadi mfalme asiye na wa kumwogopa.

La kwanza ni Qal'eh Dokhtar, ngome ya binti. Majengo mengi ya kale Iran yanaitwa hivyo, na jina halitusaidii kitu. Ngome imekaa juu ya jabali linaloning'inia juu ya korongo, mahali ambapo mto unapinda. Pande tatu ni mteremko wa kutisha. Upande wa nne umezibwa kwa kuta. Visima vilichimbwa kwenye mwamba kwenda chini kufuata maji ya mto, ili waliozingirwa wasife kiu. Lakini ndani ya ngome hiyo hiyo, juu kabisa, kuna ukumbi wa kifalme wenye kuba ya upana wa mita 14 hivi. Kwa maneno mengine, Ardashir alijijengea jumba la enzi wakati bado anahitaji kujificha nyuma ya ukuta.

Kutoka hapo mpaka jumba la pili ni mwendo wa kilomita chache tu, lakini tofauti yake ni kubwa. Jumba la Ardashir liko chini kwenye uwanda, kando ya chemchemi iliyotengenezewa bwawa mbele ya ukumbi wa kuingilia. Halina ukuta wa ulinzi. Lina urefu wa mita 104 na upana wa mita 55, na kuta zake mahali pengine zina unene wa mita nne. Mtu hajengi hivyo kama anamtarajia adui kesho. Wataalamu wengi wanaliweka baada ya ushindi wa 224, na sioni sababu ya kubishana nao.

Wenyeji wameliita Atashkadeh, yaani nyumba ya moto, wakidhani lilikuwa hekalu la Wamajusi. Wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 nao walibabaika. Marcel Dieulafoy, mhandisi Mfaransa aliyelipima miaka ya 1880, aliamini ni jengo la enzi za akina Dario, miaka mia tano na zaidi kabla ya Ardashir. Hakuwa mjinga: juu ya vishubaka vya ndani kuna mapambo ya jasi yaliyoiga waziwazi milango ya Persepolis, mji wa kifalme wa akina Dario. Kilichompoteza ni kwamba Ardashir aliiga makusudi. Alitaka atazamwe kama mrithi wa wafalme wa kale, basi akaweka sura ya majengo yao ukutani mwake, huku paa lake likiwa la ufundi mpya kabisa.

Ufundi huo wa paa unastahili dakika chache. Chumba ni cha mraba, kuba ni ya duara. Ukiiweka duara juu ya mraba, pembe nne za chumba zinabaki wazi, hazina cha kubebea. Warumi walikuwa mabingwa wa kuba, lakini kuba yao kubwa kabisa, ya Pantheon, waliiweka juu ya ukuta wa duara, tatizo hili likawa halipo. Mafundi wa Fars walijenga tao dogo kwenye kila pembe, likikatiza kona kwa mshazari. Mraba ukageuka kuwa pembe nane, na kutoka pembe nane kufika duara si mbali. Pengo lililobaki hufichwa na lipu. Uzito wa kuba unashuka kupitia matao mpaka kwenye kuta nene. Jiwe lenyewe halikuchongwa: ni mawe ya kokoto kubwa na vipande vya mwamba, yakishikwa na chokaa ya jasi, ambayo hukauka haraka sana kiasi kwamba fundi anaweza kujenga tao bila jukwaa zito la mbao chini yake. Kwa nchi yenye uhaba wa miti mirefu, hilo ni jambo kubwa. Kuba za Qal'eh Dokhtar na za jumba hili ni miongoni mwa za kale kabisa za namna hiyo zilizobaki duniani, na misikiti ya Iran imeendelea na mbinu hiyo karne nyingi baadaye. Paa la ukumbi wa mbele limeanguka, lakini ukisimama ndani na kutazama juu kwenye pembe, matao yale madogo unayaona wazi.

Kati ya ngome na jumba, kwa wakati, kuna mji wenyewe. Gur ni duara. Hapa simaanishi mji wenye umbo la kukaribia duara. Ni duara iliyopimwa, yenye kipenyo cha mita 1,950 hivi. Ilizungukwa na kuta mbili za udongo na handaki la upana wa mita 35 kati yake. Ilikuwa na milango minne, na waandishi wa mwanzo wa Kiislamu wameyahifadhi majina yake: Mithra mashariki, Bahram magharibi, Hormuz kaskazini, Ardashir kusini. Tazama alivyojiweka: miungu watatu na yeye wa nne.

Ndani, mji uligawanywa vipande 20 kwa njia zilizotoka katikati kwenda ukingoni, zikakatwa na njia nyingine za mviringo. Sehemu ya katikati, ya upana wa mita 450, ilitengwa kwa ajili ya mfalme, serikali na dini. Humo kuna mabaki ya jengo la mawe yaliyochongwa liitwalo Takht-e Neshin, na kuna mnara. Mnara huo, mraba wa mita tisa kila upande, bado una urefu wa mita 30 hivi, umesimama peke yake katikati ya mashamba. Ernst Herzfeld, mtaalamu wa mambo ya kale, aliufananisha na mnara wa msikiti wa Samarra huko Iraq, wenye njia inayopanda kwa nje. Dietrich Huff, mchimbaji wa Kijerumani aliyefanya kazi hapa kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1960, alionyesha kwamba tunachokiona ni kiini tu: ngazi ziliuzunguka, na nje ya ngazi kulikuwa na ukuta mwingine ulioporomoka.

Mnara wa nini? Jibu la Huff ndilo linaloniridhisha. Mistari ile 20 haikuishia kwenye ukuta wa mji. Iliendelea nje kama kuta, mifereji na mipaka ya mashamba, mingine kwa kilomita kama kumi, mpaka miguuni mwa milima. Kuichora mistari ya namna hiyo ardhini bila ramani unahitaji mahali pa juu pa kupimia, katikati kabisa. Mnara ulikuwa jicho la mpimaji. Na kwa kuwa kutoka juu yake unaiona Qal'eh Dokhtar, uliweza pia kupokea ishara kutoka kwa walinzi wa korongo. Kwa hiyo si mji pekee uliopimwa. Uwanda wote ulikatwa kama kitambaa juu ya meza ya fundi cherehani, kila mtu na kipande chake, na mfalme katikati. Picha za setilaiti zinaonyesha duara hiyo bila shida, kwa kuwa wakulima wa leo bado wanalima wakifuata mipaka ile ile.

Wasomi wengine huona hapa asili ya Baghdad ya duara, iliyojengwa na Khalifa al-Mansur mwaka 762. Inawezekana; umbo lilikuwa linajulikana, na watumishi wengi wa Waabbasi walitoka Uajemi.

Kuna hadithi ya Kiajemi inayosema kwamba kabla ya Ardashir uwanda huu ulikuwa ziwa. Iskandar wa Makedonia, kwa mujibu wa Ibn al-Balkhi wa karne ya 12, alishindwa kuuteka mji wa kale uliokuwa hapo, akaugeuza mto ukauzamisha. Ardashir akamleta mhandisi aitwaye Boraza, akatoboa mlima ili maji yatoke. Maji yalipofunguka, mnyororo uliomshika mhandisi ukakatika na yeye akachukuliwa. Iskandar hatuna haja ya kumwamini. Lakini hadithi imeshika jambo la kweli, kwamba uwanda huu haukufaa kukaliwa na watu wengi mpaka mtu alipoyatawala maji yake.

Kwenye kuta za korongo kuna michongo miwili ya Ardashir. Mmoja una urefu wa mita 18 hivi, nao unaonyesha vita vya Hormozdgan kama mapambano matatu ya watu wawili wawili: Ardashir anampindua Ardavan pamoja na farasi wake, mwanawe Shapur anamchoma mkuki waziri wa Waparthi, na kijana wa tatu amemkaba adui shingo huku farasi wakikimbia. Alama za ukoo kwenye mavazi na matandiko ya farasi ndizo zinazowatambulisha. Mchongo wa pili ni mtulivu: Ardashir anapokea pete ya ufalme kutoka kwa Ahura Mazda, mungu mkuu wa Wamajusi; kati yao ipo madhabahu ndogo ya moto.

Karibu na huu wa pili kuna kitu ambacho wageni wengi hukipita, nami nakipenda kuliko michongo yote miwili. Ni mabaki ya daraja na maandishi mafupi ya Kipahlavi, Kiajemi cha wakati wa Wasasani, kwenye mwamba. Yanasema daraja lilijengwa kwa amri ya Mehr-Narseh, waziri mkuu wa karne ya 5, kwa ajili ya roho yake na kwa gharama yake mwenyewe. Apitaye njia hii na amwombee heri yeye na watoto wake kwa kuwa aliwavusha watu mahali hapa. Wafalme wanachonga adui zao wakianguka, waziri anaomba dua ya wapita njia. Kwetu tungeiita sadaka ya kudumu.

Mwisho wa Gur ya Wasasani ulikuja karibu mwaka 650, mji ulipotekwa na majeshi ya Abdallah bin Amir. Mwanahistoria al-Baladhuri anaeleza kwamba ulizingirwa muda mrefu bila kufunguka, mpaka usiku mmoja mbwa alipotoka mjini, akakiburura kifuko cha mkate na nyama cha askari mmoja na kurudi nacho kupitia upenyo uliofichika. Waislamu wakamfuata mbwa. Kuta mbili na handaki la mita 35, vyote vikashindwa na harufu ya nyama.

Mji haukufa. Ulijulikana kwa mawaridi na maji yake ya waridi, ambayo wanajiografia wanasema yalisafirishwa hadi India, China na nchi za Maghribi. Yale yanayomiminwa kwenye mrashi harusini pwani yana babu zake huko. Jina jipya lilikuja katika karne ya 10, chini ya Adud al-Dawla wa nasaba ya Buya, aliyeitawala Fars kuanzia 949. Alipenda kuja kupumzika Gur, lakini kwa Kiajemi cha wakati wake neno hilo lilikuwa pia na maana ya kaburi, na watu wakafanya mzaha kwamba mfalme kaenda kaburini. Akaamuru mji uitwe Piruzabad, mji wa ushindi. Kwa matamshi ya Kiarabu, Firuzabad.

Wakati huo huo, upande wa bahari wa jimbo hili, Siraf ilikuwa imetajirika kwa biashara ya mbali. Mwanajiografia al-Istakhri, aliyeandika katika karne hiyo ya 10, anasema nyumba za Siraf zilikuwa za ghorofa, zimejengwa kwa msaji na mbao zilizoletwa kutoka nchi ya Zanj. Zanj ndiyo pwani yetu. Siraf imekaa kwenye ukanda mkavu ulio kati ya milima na bahari, miti hakuna, na boriti zilibidi zivuke bahari. Kwa upande wa pili, vyombo vya udongo kutoka Ghuba vimechimbuliwa Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu. Tetemeko la mwaka 977 liliiumiza Siraf vibaya, na biashara ikaanza kuhamia bandari nyingine.

Hapa inabidi kusema jambo juu ya Washirazi. Mapokeo ya Kilwa yanamtaja Ali bin al-Hasan aliyetoka Shiraz, na kwa miaka mingi wasomi wameyapima maneno hayo, wengine wakiyaona ni ya kujikweza tu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliotumia mabaki ya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili na mji mmoja wa ndani, ulikuta kweli asili ya Kiajemi, iliyoingia mnamo mwaka 1000 hivi, zaidi kwa upande wa baba; upande wa mama ni Waafrika karibu wote. Wengi hushangaa: Shiraz iko bara, mabaharia wangetokaje huko? Lakini kwa mtu wa wakati ule, Shiraz na bandari ya Siraf zilikuwa jimbo moja. Kusema umetoka Shiraz kulikuwa ni kutaja mji mkuu wa nchi yako, si lazima nyumba ulikozaliwa. Hayo ni maoni yangu, ila ramani ya Ardashir-Khurra inayaunga mkono.

Katika karne za karibuni Firuzabad imejulikana zaidi kama nchi ya Waqashqai, wafugaji wanaosema lugha ya jamii ya Kituruki, wanaohama na mifugo yao kati ya nyanda za joto za kusini na malisho ya baridi ya kaskazini. Uwanda huu uko njiani, kati ya joto na baridi. Machifu wao walikuwa na makao hapa, na mwaka 1918 walipigana na Waingereza waliokuwa wameunda jeshi lao kusini mwa Uajemi. Serikali ya Reza Shah, mfalme wa Iran, baadaye iliwalazimisha watulie mahali pamoja. Wengi walifilisika kwa kupoteza mifugo. Waliobaki na mahema meusi leo ni wachache.

Mwaka 2018 UNESCO iliingiza mandhari ya Kisasani ya Fars kwenye orodha yake, maeneo manane kwa pamoja. Matano yako hapa: ngome, michongo miwili, mji wa duara na jumba. Mengine yako Bishapur na Sarvestan.

Atakayekwenda aingie kwa njia ya kaskazini, apande ngome kwanza, kisha ashuke kwenye michongo na daraja, halafu Gur, na jumba liwe la mwisho. Akianzia mjini atayaona yote kinyumenyume. Akifika majira ya mawaridi anaweza kuendelea mpaka Meymand, ambako maji ya waridi bado yanachemshwa. Awe tu na hakika ya jina: anayotaka ni Meymand ya Fars. Meymand iliyo kwenye orodha ya UNESCO, ya nyumba zilizochimbwa ndani ya mwamba, iko mkoa wa Kerman, mbali sana upande wa mashariki, na madereva wa Shiraz wamezoea kuulizwa.